Nduma za Samoa

Mama, salamu nyingi kutoka Samoa!

Ule mpango wangu wa kulala ufuoni wiki nzima ulivunjika siku ya pili. Mwenye nyumba tunayokaa, mama wa rika lako, alikuwa anamenya nduma. Nikashindwa kuvumilia. Nikapaka mafuta mikononi zisiniwashe, nikachukua kisu.

Akashangaa. "Nani alikufundisha hivyo?"

"Mama yangu, kule Eldoret."

Tangu hapo kila asubuhi ananigongea mlango: "Binti yangu, amka, kuna kazi!" Mume wangu analala mchangani, mimi natoa nduma kwenye mawe moto, jasho likinitiririka, nacheka tu. Sijapumzika hata kidogo, na nina furaha ajabu.

Jikinge na baridi ya huko. Mwenye nyumba anasema nikirudi tena huku nije na wewe. Nimemwambia jikoni mtagombana.

Akupendaye,
Chebet