Anselmo, Kapu Limerudi

“Hivi mumeo ni mtakatifu, au ni zuzu tu?”

Ndivyo Doña Natividad, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alivyoniuliza Jumatano ya Juma Kuu mwaka jana. Alikuwa anakutazama ukipanda kilima na kapu la mkate, unakohoa, unasimama, unapanda tena. Nilimjibu, “Angalia maharage yako, Natividad, yanaungua.” Lakini moyoni nilikuwa na swali lile lile. Bado ninalo.

Mwaka umetimia, Anselmo Saquic, mume wangu, tangu Jumamosi Kuu ile ulipofumba macho kabla kengele za kanisa hazijaruhusiwa kulia. Wengine huandika kwamba marehemu wao amewaachia amani. Wewe umeniachia hasira, na kapu. Padre aliposoma karatasi hii ya kumbukumbu yako aliniambia, “Mama Eulalia, tungepunguza makali kidogo.” Nikamwambia, “Padre, isome kama ilivyo, au nipe niisome mwenyewe.” Basi inasomwa kama ilivyo.

Ulikuwa mwokaji. Mji ulijua kumekucha kwa harufu ya tanuri lako. Ulikuwa unausemesha unga unapoukanda, “Amka, mvivu, amka.” Kila mtoto aliyetumwa kwetu alipewa kimkate cha umbo la ndege, hata yule aliyetumwa kukopa. Kanisani nilikuwa nakupangusa unga nyuma ya sikio, nawe unaninong'oneza, “Niache, Lalita, Mungu anaijua kazi yangu.” Siku hizi nakaa benchi lile lile, na mkono wangu bado unainuka wenyewe.

Juma Kuu kwetu hakuna nyumba inayokula mkate wake peke yake. Kapu linatoka na mkate na asali, linakwenda kwa jirani na kwa ndugu, nalo linarudi na mkate wa nyumba ile. Kapu halirudi tupu. Asiye na unga hurudisha hata yai. Kurudisha kapu tupu ni kumtemea mwenzako mate.

Na wewe, kila mwaka, kapu la kwanza kutoka tanurini ulilipeleka kwa Rutilio Ajanel. Na kila mwaka Rutilio alilirusha juu ya ukuta wetu, tupu, na kitambaa kichafu ndani.

Wasiojua na wajue. Miaka ya vita Rutilio alikuwa mkuu wa doria hapa mjini. Ni yeye aliyewaonyesha wenye bunduki mdogo wako Crescencio, akasema mkate wetu unapanda msituni kuwalisha waasi. Uongo. Walimchukua mlangoni, aproni bado iko kiunoni. Hakurudi, wala kaburi hatuna. Mama yenu alikufa hajakubali mlango ule ukomewe, asije mwanawe akafika akakuta umefungwa. Siku ya Wafu wenzetu wanapamba makaburi yao kwa maua ya manjano. Sisi ya Crescencio tunayaweka juu ya tanuri, yananyauka kwa moto.

Kwa hiyo nilikuwa nakuuliza, nami nakuuliza mbele ya watu hawa: kwa nini yeye? Kwa nini wa kwanza?

“Kwa sababu Bwana alisema.”

“Bwana alisema mpendeni adui. Hakusema mpelekeeni mkate wa mayai!”

Ukacheka mpaka kikohozi kikakushika. “Lalita, mkate usio na mayai si upendo. Huo ni wa kumfukuzia mtu mlangoni.” Halafu ukaacha kucheka. “Ananichukia kwa sababu kila akiniona anaona alichotenda. Nikiacha kwenda, atapumzika. Mimi sitaki apumzike. Nataka apone.”

Maneno mazuri. Lakini aliyepanda kilima na kifua kibovu ni wewe, siyo maneno yako. Mwaka jana hakuna hata mmoja nyumbani aliyekubali kulibeba kapu lile, ukalibeba mwenyewe. Rutilio akakuacha getini kwenye jua. Uliniambia ulisikia redio yake ndani, uliita, “Don Rutilio, mkate!” naye akaongeza sauti ya redio. Ukalitundika kapu kwenye geti, ukarudi, ukalala, hukuinuka tena. Ulinishika mkono ukasema, “Usimkatie kapu lake la kila mwaka.” Mimi sikukujibu. Ulikwenda hujapata jibu langu, na mwaka mzima limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jibu langu ndilo hili.

Jumatano hii nilimwambia binti yako Jacinta, ambaye sasa ndiye mwenye tanuri, anitengee mkate wa kapu la kwanza.

“Wa nani?” akaniuliza, na alijua.

“Wa yule yule.”

“Mama, baba alikwenda kwa miguu yake akarudi maiti. Mkate wangu huyo mzee hataula. Ukitaka, kanda mwenyewe.”

Nikakanda mwenyewe. Niliupiga ule unga, Anselmo, kama nampiga mtu. Nikausemesha, lakini si kama wewe, maneno yangu hayasomwi kanisani. Nao ukaumuka kuliko siku zote, laini, wa kung'aa mayai. Nikakasirika zaidi. Hata unga uko upande wako.

Nilipotoka na kapu Doña Natividad alikuwa pale pale ukutani.

“Na wewe pia? Kumbe uzuzu huambukiza!”

“Omba usikupate, Natividad. Unapanda kilima na unachosha magoti.”

Kwa Rutilio redio ilikuwa inalia. Sikuita. Nilipiga geti kwa jiwe mpaka redio ikanyamaza. Akafungua. Amezeeka, shati limekosa vifungo, mkewe alishakufa, na watoto wake walivuka mpaka kwenda Kaskazini kutafuta kazi, hawaulizi hata hali yake. Sikumhurumia. Nasema kweli, kwa sababu leo ni Jumamosi Kuu.

“Umekuja kunicheka?” akasema.

“Nimekuja na mkate na nimekuja na hasira. Vyote viwili ni vyako.”

Akalitazama kapu. “Yeye alikuwa anakuja kutafuta nini kwangu, kila mwaka? Alitaka nipige magoti?”

“Yeye alitaka upone. Mimi si yeye. Mimi nataka kapu langu lisirudi tupu.”

“Tanuri langu lilibomoka zamani, Doña Eulalia. Sina mkate wa kurudisha.”

“Sitaki mkate wako. Nirudishie mahali. Mlimlaza wapi Crescencio? Mahali tu, nitajua la kufanya.”

“Vita ilikuwa vita.”

“Na mkate ni mkate. Ule kabla haujapoa.”

Nikamtia kapu mikononi, maana hakuwa amenyoosha mkono. Alifunga geti. Nilishuka kilima nikijiambia kwamba kesho nitaliokota chini ya ukuta kama siku zote, na nikiliokota nitalitia tanurini, nawe utanisamehe huko uliko au hutanisamehe.

Anselmo, unakumbukwa nami mkeo, Eulalia Ixcoy, niliyekupenda tangu ulipokuwa huna tanuri. Unakumbukwa na Jacinta, ambaye hajanena nami vizuri tangu Jumatano, lakini aproni yako ndiyo anayoivaa. Na mkweo Hilario. Na wajukuu wako Odilia na Fermín, wanaogombania mkate wa ndege. Na dada yako Petronila, anayekuombea kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Na pamoja nawe anakumbukwa mdogo wako Crescencio, ambaye safari hii namtaja bila kuongeza “popote alipo.” Hatutakusahau, tukiwa na hasira wala tukiwa tumetulia, mpaka tukutane.

Imebaki habari ya kapu.

Alhamisi Kuu mchana tulikuwa jikoni, mimi nakoroga uji wa mahindi, Jacinta anatoa mikate. Sikusikia kitu kikianguka ukutani. Nilisikia hodi. Rutilio alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkono mmoja, kapu mkono mwingine. Jacinta akashika lile koleo refu la tanuri kwa mikono miwili.

“Toka! Toka nyumbani kwa baba yangu!”

“Mwache,” nikasema.

“Mama, usiniambie nimwache!”

“Nimesema mwache aingie. Ukitaka kumpiga, utampiga akishasema.”

Akaweka kapu mezani. Ndani hamkuwa na mkate. Mlikuwa na kitambaa chako, kimefuliwa, kimekunjwa vizuri. Akasema akiitazama sakafu:

“Nyuma ya kinu cha kahawa cha zamani, pale mfereji unapopinda. Yuko peke yake, sikumchanganya na wengine. Jembe nililishika mimi.”

Koleo likamponyoka Jacinta. Akakaa chini, pale pale kwenye unga uliomwagika, akajifunika uso kwa aproni yako.

Rutilio hakuondoka. Alisimama anasubiri, na nilijua anasubiri nini. Ni neno moja, Anselmo, nawe ungempa hata kabla hajaliomba. Mimi nililitafuta. Bwana ananiona, nililitafuta kinywani mwangu kama sindano iliyoanguka gizani, sikulipata. Sijafika huko. Pengine mwakani.

Nilichokuwa nacho ni uji, na ulikuwa unachemka. Nikauteka. Kwa muda nilikishika kikombe nikaona uso wake, nikaona jinsi ungemmwagikia. Kisha nikaangalia, nikakuta nimechukua kikombe chako, kile kilichomeguka mdomo. Nikampa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni.

Akanywa akiwa amesimama, ukimuunguza, mpaka ukaisha. Akakiweka kikombe juu ya meza kando ya kapu, akavaa kofia, akatoka kwa mlango ule ule ambao mama yenu hakutaka ukomewe.