Jeni, si Jini

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Tarehe 2 Machi.

Mwanao, yule niliyekuzalia mimi, amekuwa daktari, mdogo wangu mpendwa. Unisamehe, kalamu imezitangulia salamu. Si daktari wa sindano, ni wa kusoma, wale ambao hata hao wa sindano huwauliza. Ijumaa profesa wake alimpa mkono mbele ya watu.

Sasa salamu. Hujambo wewe na wanao? Goti la shemeji limepunguza kuuma? Sisi huku wazima. Nakula, nashona, nalala. Tangu baba watoto atutoke, sasa miezi tisa, niko kama mguu uliokaliwa: upo, unaonekana, ila ukiugusa ni kama wa mtu mwingine. Msibani sikulia, uliona mwenyewe, na mpaka leo sijalia. Usinitafutie maneno ya kunipoza, nakuarifu tu.

Kazi ya mwanao ni hii, na usimsimulie mtu kabla hujaielewa, maana mimi niliharakisha ikaniponza. Ipo dawa inayotokana na uyoga. Mtu akiinywa huona yasiyokuwepo, ukuta unapumua, rangi zinatembea. Hospitalini wanawapa watu waliolemewa na huzuni, mara moja tu, wamelala kitandani, muuguzi yuko pembeni asubuhi hadi jioni. Mwanao hizo njozi hashughuliki nazo. Yeye anachukua damu kabla ya dawa, kesho yake, na tena baada ya miezi mitatu, aone jeni zao zimefanya nini.

Jeni ni ule urithi wa baba na mama ulio ndani ya mwili. Alinieleza kwa lugha ya fundi: ni kama pateni zangu za karatasi zilizotundikwa ukutani. Dawa haichori pateni mpya. Anachouliza yeye ni ipi inashushwa ikakatiwa kitambaa, na ipi inabaki msumarini.

Ila hayo alinieleza baadaye. Mwanzoni mimi, kwa majivuno yangu unayoyajua, nilisikia jini. Nikawatangazia wateja kwamba binti yangu anawanywesha watu dawa, kisha anapima damu kuhesabu majini yaliyoamka. Tena nilisimamisha cherehani ili wanisikie vizuri.

Wagonjwa wake walikuwa kumi na wawili tu, na wanne kati yao ni wateja wangu, mimi ndiye niliyewapeleka. Wakagoma kutoa damu ya mara ya tatu. Profesa akasema bila hao wanne kazi haisimami, miaka minne ya mtoto inakwenda na maji. Mwanao hakunigombeza. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akachukua chaki yangu, akaandika juu ya kitambaa cheusi: JENI. Kisha akaenda zake. Nilikitazama kitambaa kile nikijua napaswa kuumia, na sikuumia. Nikavaa viatu.

Kati ya wale wanne nilianza kwa dereva mstaafu, yule tunayemwita Honi kwa sauti yake. Alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, watu wamejaa.

Akaniambia, "Mama Daktari, mimi nilikwenda kutibiwa huzuni ya mke wangu. Sikwenda kupandishwa jini."

Nikamjibu, "Ni jeni, kaka. Ile je ya jembe. Nilisema jini kwa sababu sikuelewa, na sikuuliza kwa sababu nilitaka kujisifu. Kosa ni langu, si la mtoto."

Kinyozi alisimamisha mkono. Honi akasema miaka yote aliyonifahamu hajawahi kunisikia nikisema nimekosea, na kwa hilo peke yake atatoa damu. Wa pili na wa tatu niliwaambia maneno yaleyale, nao wakakubali. Mpishi wa shule, wa nne, alinitaka nikae naye sindano ikiingia. Nikakaa, nikamshika mkono.

Sasa utauliza dawa ilifanya nini. Mwanao amewaambia maprofesa kwamba katika jeni alizozitazama, moja tu ilionekana kusogea kidogo, na hata hiyo haiamini, watu ni wachache mno. Mpishi analala vizuri siku hizi, Honi bado vilevile, na damu yao haikuonyesha kwa nini. Nilidhani watamfelisha. Kumbe wamempitisha kwa kusema alichokiona bila kuongeza chumvi. Hilo hakurithi kwangu, ni la baba yake.

Nilimuuliza jikoni, mimi na yeye tu, kama dawa ile ingeniamsha mimi. Aliweka sahani chini. "Sijui, mama. Ningejua ningekuambia wewe wa kwanza." Nimeishika hiyo "sijui" yake kuliko vyeti vyote nilivyowahi kuvitangaza.

Nisalimie shemeji, wanao wote na wifi yako mcheshi. Mungu awape afya, na njia iwe nyepesi kwenu.

Maana mnakuja. Mwanao atavaa joho nililolishona kwa mkono wangu, na wataita jina la baba yake ukumbi mzima usikie. Nataka ukae kiti cha kulia kwangu. Kilio kikija, unishike. Kisipokuja, ukae tu hivyohivyo. Ni Jumamosi, tarehe 21 mwezi huu, saa tatu asubuhi, mje wote.

Dada yako anayekuwekea kiti,
Mama Daktari