Baraka Uliyopewa kwa Simu Yangu

Kinampanda, Iramba
Jumatano, 12 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Festo,

Pokea salamu za nyumbani. Hujambo huko Mtwara? Mkeo Editha na watoto wanaendeleaje? Sisi tunapumua. Mtama tumevuna kidogo. Baba bado yupo, lakini uji anakunywa vijiko vitatu tu, na daktari wa Kiomboi ametuambia tukae naye nyumbani.

Utashangaa kupata barua zama hizi za simu. Simu yangu imekufa, na wewe unajua ilivyokufa.

Siku ile Baba aliposema anataka kuwabariki wanawe kama Yakobo, mimi ndiye niliyemwogesha, nikamvalisha koti la kanisani, nikamshikia bakuli la maji. Akafanya kama baba yake alivyofanya: funda la maji kinywani, anampulizia mtoto kifuani, kisha neno. Kaka Amosi akapewa la Reubeni, kwamba ukubwa wake umekwisha, kwa sababu ya wale maksai aliowauza kwa siri mwaka aliofariki Mama. Mtu wa miaka hamsini na minane, alilia mbele ya wanawe. Petro akaitwa punda mwenye nguvu, akacheka. Zamu yako ikafika na wewe uko mbali, Baba akaitaka simu yangu. Nikamshikia. Akaipulizia maji, Festo, funda zima, akakumwagia baraka zote za Yusufu, za mbinguni juu na za vilindi chini. Wewe ukawa unasema amina, amina. Matone yakanidondokea mkononi. Nikajifuta kwa kanga, maana hayakuwa yangu.

Kisha akasema amechoka, nimlaze.

Jumapili mwinjilisti akamsifu Baba mimbarani. Akatufundisha kwamba Yakobo hakuficha dhambi ya mtoto, wala hakumsahau mtoto hata mmoja. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kwaya, moyo unawaka. Niliporudi nikafungua Mwanzo mwenyewe. Wana kumi na wawili wote wamo. Hata wajukuu, Efraimu na Manase, walitafutiwa mkono wa kuwekewa kichwani. Dina, binti yake Yakobo, hayumo. Simeoni na Lawi wanalaaniwa kwa ukatili walioufanya kwa ajili yake, na yeye mwenyewe aliyenajisiwa hakuna anayemwambia hata pole. Hilo ndilo somo nililopata mimi, na sijawahi kulisikia likihubiriwa: mtu anaweza kumjua Mungu, akajua na sura na mistari, asimwone aliyemshikia bakuli.

Usidhani sikuonei wivu. Nakuonea. Nimeutubu mara mbili, umerudi.

Ningekuwa na ujanja wa huyo Yakobo ujanani, ningejifunga ngozi ya mbuzi mikononi, nikaingia nikajiita Festo, maana macho ya Baba hayaoni tena. Lakini mikono yangu anaijua. Ndiyo inayomgeuza kitandani mwaka wa kumi na moja huu.

Jana nilipomaliza kumwogesha nilipiga magoti, nikainamisha kichwa karibu kabisa na mkono wake, nikasubiri. Akaniuliza kama mbuzi wamenyweshwa.

Kumwomba kwa mdomo wangu sitamwomba. Neno nitakalolidai mwenyewe halitanituliza. Wewe anakusikiliza, hata ukikohoa tu anauliza una nini. Ukipata barua hii, piga kwa Flora, jirani yetu, atampelekea simu. Usimwambie nimekuandikia. Na safari hii mwambie Flora aishike mbali na mdomo wa Baba.

Petro anakusalimu kutoka Utemini. Amosi yuko Mkiwa, hasalimii mtu siku hizi, lakini wewe chukulia kwamba kakusalimu. Mbusu Rahel wako, mwambie shangazi amemwekea karanga. Mungu awalinde huko mliko. Mimi baraka ya kukuongezea sina, zote unazo wewe.

Usichelewe, Festo. Juzi vijiko vilikuwa vinne. Mwambie tu Baba alitaje jina langu. Si refu, halitamchosha.

Dada yako, ambaye pamoja na yote bado anakupenda,

Damari