Kicheko Chako Sikati

Yaya Trésor, mkubwa wangu,

Wanasema filamu yetu ndiyo imekuua. Si malaria. Sisi.

Tantine Astrid, dada wa baba yako, alisema hivyo kwenye kilio chako, mbele ya watu wote: «Batoto balicheza na kifo, kifo ikaitika.» Kisha akaninyooshea kidole, maana anajua montage, kukata na kuunga picha, ni kazi yangu. «Weye njo uko na ile filme. Leo ukate ile kipande ya sanduku!»

Unakikumbuka. Umelala ndani ya jeneza tuliloazima kwa Papa Ilunga seremala, pamba puani, maiti kamili. Odette mwenzetu ameegemeza simu yake kwenye kiti ikirekodi, yeye mwenyewe anakulilia kama mjane. Ndipo kuku wa jirani akaruka, akatua kifuani mwako. Ukajikaza. Ukajikaza... kisha pamba ikachomoka puani, kicheko chako kikajaza parcelle nzima, nyumba na ua. «Muache!» ulituambia. «Ile njo filme yenyewe!»

Nawe unanijua minye, mimi huyu mwenye haya. Kifaransa naandika bila kosa, lakini mwalimu akiniita nisome mbele ya darasa, sauti inanikimbia. Kilioni nilikuwa nimejificha nyuma ya masufuria. Nakuungamia, Yaya: nilikuwa tayari kusema ndiyo, ili tu waache kuniangalia.

Lakini nikaiona picha yako pale mezani. Ile ya carte, ya kitambulisho, kinywa umefunga, shingo kama imepigiliwa msumari. Huyo si wewe. Nikasikia mtu anasema: «Tantine, sikati. Hapa bote muko na ile picha. Kicheko yake, ni minye tu niko nayo.»

Mtu huyo alikuwa minye. Odette akanishika mkono.

Tantine akaniita mchawi. Mama yako ndiye aliyesema: «Nionyeshe.» Nikatoa kompyuta begini, nikaifungua palepale kwenye mkeka. Kuku alipotua, mama akaziba kinywa. Pamba ilipochomoka alicheka, Yaya, alicheka na kitambaa cha kilio kichwani, kisha... basi, unajua. Akasema: «Rudilia.» Nikakirudisha mwanzo.

Tantine aliondoka bila kuaga. Hajarudi.

Na ukumbi tulioahidiwa wametunyima, eti filamu ina mkosi. Sawa! Jumamosi tunaionyesha kwenye ukuta wa karakana ya Papa Ilunga, majeneza yake yakiwa yamesimama pembeni. Anayeogopa abaki kwake. Hata kuku nimemwandika katika majina ya waigizaji, chini ya jina lako.

Odette alitaka yeye ndiye azungumze kabla ya filamu. Nimekataa. Nitasimama minye mwenyewe nilitaje jina lako, kwa sauti ya kufika barabarani. Hilo nakuahidi.

Nenda salama, Yaya. Ukisikia mtaa wetu wa Kikula unacheka, ujue sikukata.

Mdogo wako,
Nadège