Shuka Halikunjwi na Mtu Mmoja

Same, Jumanne usiku

Hakuna mgeni aliyegundua kwamba shuka analolalia halijaguswa na pasi. Ni mikono ya Nakijwa hiyo, dada ninayefanya naye kazi hapa gesti.

Umeme ulikatika mchana, wageni wa harusi wako njiani, na mashuka yote ya gesti yako kambani kwenye upepo wenye vumbi. Mimi nilitaka kulia. Yeye akayaanua yakiwa bado na unyevunyevu, akanipa pembe mbili za shuka la kwanza bila kunitazama. Hatukuwa tumeongea tangu Jumapili, aliponiambia mbele ya kwaya nzima kwamba naimba vibaya.

Tukavuta. Anajua kuvuta huyu dada. Anaegemea nyuma, anakung'uta mara moja, na makunyanzi yote yanakimbia. Kisha mnakunja, na kila mkunjo lazima msogeleane mpaka vidole vigusane. Shuka baada ya shuka. Kununa kukawa kazi ngumu.

Kwenye la mwisho akasema, "Jumapili nilikosea kukusema mbele za watu."

"Na sauti yangu?"

"Sauti ni mbaya kweli, mdogo wangu."

Nilicheka mpaka nikaachia pembe zangu, shuka likaanguka vumbini. Tukalifua upya, wote wawili.