Mlango wa Bafu la Mzee Mligo

Jumatano, 1 Juni 1955. Njombe.

Umande umeganda kwenye majani. Nimenakili barua za boma mpaka vidole vikafa ganzi. Mchana nikachora tena ramani ya bafu, nyuma ya karatasi zilizoharibika za ofisini. Karani mkuu akiniona, nimekwisha.

Bafu ni la Mzee Mligo, baba yake Salome, mchumba wangu. Ana duka Makambako, na siku hizi ana ugonjwa wa Uzungu. Kanunua hodhi la kuogea la setla Mzungu aliyehama. Jeupe, lina miguu kama ya simba. Analitaka ndani ya nyumba, na ramani kaniagiza mimi. Bomba la maji hana. Maji wanateka wasichana mtoni kwa madebe. Atawaua kwa ajili ya kuloweka tumbo lake.

Namdharau. Namwogopa pia. Akisema hapana, simpati Salome.

Jumamosi, 4 Juni. Makambako.

Nimefika juu ya lori la mbao, vumbi mpaka kwenye kope. Mzee hakuningoja ninawe. "Kamwene, mwanangu! Lete ramani."

Akavaa miwani asiyoihitaji. Mlango nilikuwa nimeuweka upande wa uani, wanakopita wanawake. Akaufuta kwa penseli ya dukani. Anataka ufungukie sebuleni.

"Mgeni akikaa hapa alione hodhi langu. Nikilificha uani, nani atajua?"

Fundi Kasiani, aliyejifunza ujenzi kwa mapadri wa Uwemba, akauliza, "Tukuwekee na kengele, mzee?"

"Weka," akasema Mzee. Hakujua anachekwa.

Kosa nililiona hapo hapo. Kwetu mkwe hakutani na mama mkwe. Tangu nipose sijauona uso wake. Nikija, anapita nyuma ya nyumba, na chakula analeta shangazi yake Salome. Mimi nakaa sebuleni. Sasa mama akiwa bafuni, atatokea wapi?

Nikasema, "Vema, baba."

Jumanne, 7 Juni. Njombe.

Darasa la kumi nimemaliza. Kiingereza ninacho. Sentensi moja ya kumwambia mzee mwuza chumvi imenishinda.

Jumamosi, 25 Juni. Makambako.

Ukuta umetobolewa. Mlango umepakwa rangi ya kijani, ya kuumiza macho. Mzee amekaa ndani ya hodhi tupu, na koti lake, akipokea wageni. Wanampongeza. Wakitoka nje wanashikana mabega kwa kicheko. Nami nilimpongeza. Mimi ni mbaya kuliko wao.

Jumamosi, 9 Julai. Makambako.

Niandike yote.

Nilikuja na mjomba kupanga siku ya harusi. Walitutegemea mchana. Lori liliwahi. Mzee alitoka dukani mbio, akatukalisha sebuleni, nikiutazama mlango wa kijani. Nyuma yake maji yakamwagika. Kisha kimya. Kimya cha mtu aliyesikia sauti yangu.

Shangazi akaingia na chai. Aliponiona, vikombe vikagongana kwenye sinia. "Karani wetu, njoo kwanza uone ndama aliyezaliwa."

"Ndama hana haraka!" Mzee akasema. "Kwanza aone kazi ya kichwa chake." Akainuka, akashika komeo.

Nilisimama. "Baba, usifungue."

"Unasemaje?"

"Usifungue."

Sababu haitamkiki mbele ya mjomba, wala mbele ya yeyote. Nikatoka. Sikuaga, sikunywa hata funda. Kuiacha chai ya ukweni ni sawa na kuitema. Mjomba alinifuata, kikombe bado mkononi.

Mzee akapiga kelele mlangoni, barabara nzima isikie: "Boma limemvimbisha kichwa huyu! Binti yangu haendi kwa mtu wa namna hii!"

Mpumbavu. Ameshika komeo la aibu yake mwenyewe na hajui. Nami nimempoteza Salome.

Jumatano, 13 Julai. Njombe.

Hakuna habari. Mjomba anataka niandike barua ya kuomba radhi. Radhi ya nini? Nimekaa na kalamu mpaka wino umekauka. Sikuandika.

Jumapili, 31 Julai. Makambako.

Shangazi alimfuata mjomba wiki iliyopita, akamweleza, akasema Mzee anatuita turudi. Mama alikaa kwenye maji yaliyopoa mpaka lori letu lilipoondoka. Midomo ilikuwa ya buluu. Kisha akazungumza na mumewe. Alimwambia nini, shangazi hasemi. Kesho yake Kasiani aliitwa na matofali.

Mlango wa kijani haupo. Pameachwa kiraka cha ukuta kisichopakwa chokaa. Mlango mpya uko uani, pale pale nilipouchora. Mzee anawaambia wageni ni wazo lake. Leo kaniambia na mimi. Nikaitikia, "Vema, baba." Aendelee.

Ndoa yetu imetangazwa kanisani asubuhi. Salome aliinamisha kichwa, lakini nilimwona akicheka.

Baada ya chakula shangazi akaniletea kuku mzima kwenye kikapu, kutoka kwa mama. Na maneno: "Mwambieni mkwe wangu ana masikio mazuri."

Jioni nilitoka kwenda kungoja lori. Njia fupi inapita uani. Nikasikia maji yakimiminwa nyuma ya ukuta, na mwanamke akiimba taratibu.

Nikazunguka nyumba kwa upande mwingine.