Bastola ya Orval Kabla ya Msimu wa Swala

Jumapili, 4 Septemba 1988

Rafiki yangu mzee Orval kanipa bastola yake! Si kuniazima — kanipa. Ile ya risasi moja, inayokunjuka katikati kama bunduki ya bata, mtutu mrefu, darubini juu. Tangu kiharusi kimlegeze mkono wa kulia hawezi hata kufunga vifungo vya shati, sembuse kulenga. Msimu wa swala ukifunguliwa, Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, anataka akae kando yangu aione ikiangusha swala kwa mara ya mwisho. Kesho yake binti yake anakuja kumchukua akaishi kwake Arizona. Arizona! Mtu aliyezaliwa ndani ya theluji ya Wyoming.

Sharti lake moja. Kaweka mfuniko wa kopo la kahawa mezani. Yadi mia, risasi tano, zote ndani ya duara hili. La sivyo bastola inabaki ukutani. "Sitaki mnyama akimbie na tumbo wazi kwa sababu ya mdomo wako, kijana."

Kijana! Nina miaka sitini na moja. Nikacheka tu. Mimi Gaylen Hofstad nimeendesha malori Alaska, nimepigana na baharia Mgiriki huko Panama nikashinda. (Karibu nishinde.) Nikamwambia mzee, nitakuletea mfuniko uliotoboka katikati kama donati.

Jumatano, 7 Septemba

Garajini jioni nzima. Risasi za dukani ni za watu wa dukani. Mimi natengeneza zangu: natoa fataki iliyotumika, kile kidonge cha kuwashia baruti, nabana ganda kwenye kalibu lirudi umbo lake, naweka fataki mpya, napima baruti, juu yake kichwa cha risasi. Kazi ya fundi wa saa, na mikono yangu hii kama koleo!

Twila amenifukuza meza ya jikoni. Baruti yangu, anasema, inafanana mno na pilipili manga, na yeye ana mchuzi wa maharage motoni. Mke wangu hana imani na sayansi.

Jumapili, 11 Septemba

Nyuma ya zizi la Orval. Mfuko wa mchanga, benchi, karatasi yadi mia. Risasi tano — na kila moja ina kwao! Moja haikugusa hata karatasi.

Nikasema ni baruti. Orval akatikisa kichwa polepole, anatafuna peremende yake.

Alhamisi, 15 Septemba

Nimebadilisha baruti. Nimebadilisha vichwa vya risasi. Napandisha kipimo kidogo kidogo kama kitabu kinavyosema, wala sivuki kikomo, vidole vyangu navipenda. Bado zinatawanyika kama kuku waliomwagiwa maji.

Nikasema ni upepo. Orval: leo hakuna upepo. Basi wa jana, nikamjibu. Mzee kacheka mpaka peremende ikamtoka.

Lakini alipokuwa anapanda pikapu yangu nimrudishe nyumbani nikaona uso wake. Alikuwa anaitazama milima. Sikupiga porojo njia nzima, na hilo ni tukio la kuandikwa.

Jumapili, 18 Septemba

Siku ya aibu. Naiandika upesi iishe.

Twila alikuja na kahawa, akasimama nyuma yangu pamoja na Orval. Nikalenga. Nikavuta. Tak! Hakuna mlipuko. Pini imegonga, risasi imegoma. Na mtutu je? Mtutu umeinama wenyewe kama unaokota kitu chini! Bastola haijalia wala haijaruka, mimi tayari nimefumba macho na kuisukuma chini.

Twila: "Gaylen, mume wangu, unaogopa bastola?"

Orval alicheka akajishika ubavu, nikadhani kiharusi kimerudi. Tukasubiri bastola ikiwa imeelekea kwenye kifusi nyuma ya karatasi, isije ikachelewa kulipuka, nikaifungua, tukaitazama ile risasi. Fataki ina alama ndogo tu, kama imeguswa na kucha. Mzee akaelewa papo hapo. Nimezungusha kalibu hadi mwisho na kubana maganda kupita kiasi. Bega la ganda limerudi nyuma, risasi inazama ndani mno, pini inaifikia kwa shida. Bunduki ya kukunjuka ina kipimo chake, akasema, bana kidogo tu, ifunge bila kusukumwa, basi.

"Kalibu ni robo ya tatizo," akaongeza. "Robo tatu zimekaa kwenye benchi."

Kumbe baruti zote zile nilizisingizia!

Alhamisi, 22 Septemba

Dawa yangu: Twila ananijazia bastola nikiwa nimegeuka. Mara ina risasi, mara tupu, sijui. Nalenga, navuta. Ikiwa tupu na mtutu ukicheza, yeye na Orval wanapiga makofi. Nimepigiwa makofi mengi leo kuliko mwimbaji wa kanisani.

Alasiri makofi yakapungua. Maganda mapya yanawaka yote. Risasi tano: nne ndani ya duara, moja nje, upana wa kidole. Nikapiga kelele! Nne, mzee!

Orval: na swala atajuaje kwamba yake si ile ya tano?

Jumatano, 28 Septemba

Yadi mia bado moja inatoroka. Kila mara moja. Risasi ni nzuri, hilo sasa najua. Twila alijaribu mara moja, zake zote zikaingia, akarudi kuosha vyombo bila neno. Ningekuwa mimi ningetangaza redioni. Ila kibali cha kuwinda kina jina langu, na sheria haijali nani fundi.

Orval akaniambia nisogee mbele. Tisini: moja nje. Themanini: tano ndani. Nikarudia: tano ndani. Tena: tano!

"Basi hapo ndipo mwisho wako," akasema. "Themanini. Hata swala akusimamie ubavu mzima, akuimbie, kupita hapo hupigi. Sema."

Nikasema. Nikampa na mkono, akaushika kwa ule wake wa kushoto.

Jumamosi, 1 Oktoba

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi nyuma ya jiwe, penseli ya Twila. Orval kando yangu kwenye kiti cha kukunja, blanketi mpaka kidevuni, hatazami chochote isipokuwa kwa jicho moja kwenye darubini yake. Alfajiri nilipima kwa miguu mpaka kile kichaka cha kijivu: themanini.

Swala dume yupo. Mkubwa. Amesimama ubavu, mweupe tumboni, tangu jua lichomoze. Amesimama ng'ambo ya kichaka, yadi arobaini zaidi. Mbele yetu ni nyasi fupi kama zulia, nikitambaa ataniona.

Orval ameanza kunong'ona. Piga. Nikadhani nimesikia vibaya. Piga, Gaylen, kesho saa hizi niko barabarani. Hajaniita kijana.

Nikamwambia mzee, kutoka hapa naweza kumpiga popote isipokuwa pale ninapotaka.

Hakucheka. Ananitazama, jicho limejaa maji, baridi labda. Piga, kijana, mimi ndiye niliyeweka sharti, mimi ndiye ninayelitoa.

Mungu wangu, ningempa mzee huyu nyumba yangu. Ubavu ule uko kwenye darubini kama ukuta!

Nimeikunjua bastola, taratibu, isilie. Risasi nimeitoa, nimemtia Orval kiganjani, kile chenye nguvu, nikamfumba vidole. Sasa naandika ili mkono wangu uwe na kazi.

Ngumi yake iko juu ya blanketi.

Dume ameinua kichwa. Ameanza kutembea — hajaamua bado, kuja kichakani au kwenda zake —